Matikiti Niliyowapelekea Wavunaji wa Mama

Nina diploma ya lishe. Ninaitaja mwanzoni ili tusipotezeane muda. Niliipata Bukavu, na hakuna mjomba wala mbunge aliyenishika mkono: miaka minne niliendesha pikipiki kati ya Kasongo na Salamabila, nikibeba wachimbaji wa dhahabu na magunia ya mchele, hadi nikajisomesha mwenyewe. Niliporudi nyumbani Kabambare, upande wa Lusangi, nilitarajia angalau mtu mmoja aniombe ushauri. Waliniomba pikipiki.

Na ushauri ulihitajika, tena nyumbani kwetu. Mwezi wa kwanza, mvua ikipumzika siku chache, jua la kwetu huchoma kama limetumwa, na ndio mwezi wa kuvuna mpunga. Mwaka uliotangulia mama yangu alianguka shambani saa nane mchana, midomo imekauka, wenzake wakambeba hadi nyumbani. Si kwamba maji yalikosekana. Kwetu wanawake huvuna kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na siku ya shamba lako wewe ndiye mwenyeji: hugusi chakula wala kikombe kabla wageni wako hawajala. Nao hula saa tisa. Desturi nzuri sana. Inaua kwa adabu.

Zamu yake ilipofika mwaka huu, nilimwomba anywe maji japo kwa siri.

"Siri ya nani?" akaniuliza. "Wale kumi wote iko na macho, baba."

Basi nikamweleza kwamba maji si lazima yatoke kwenye kidumu. Tango karibu lote ni maji. Tikiti vilevile, nyanya, nanasi, papai. Mtu anaweza kuyatafuna maji. Alinisikiliza kwa heshima yote anayostahili mwenye diploma, kisha akachukua kisu chake cha kuvunia, akaenda zake.

Nikamfuata. Na pembeni mwa shamba lake mwenyewe nikayaona: matikiti ya mviringo, ya kijani, yamelala kwenye majani bila mtu wa kuyajali. Niliwasikitikia watu wa Kabambare wote. Kiu inawaangusha huku wanaruka matikiti! Nikachuma manne, na saa nne asubuhi nikayapanga juu ya jani la mgomba, nikawaita wanawake wapumzike, nikatoa hotuba. Sijisifu nikisema ilikuwa hotuba nzuri. Nilipopasua la kwanza, nyama yake ilikuwa nyeupe. Nikawaambia rangi si kitu, muhimu ni maji.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye kiongozi wa kundi. Alipokea kipande, akatafuna mara moja, akatema mbali kuliko nilivyodhani mwanamke wa umri wake anaweza.

"Baba, weye ulizaliwa wapi?"

"Hapa, shangazi."

"Na hujui mbika?"

Mbika! Yale matunda tunayoyapanda kwa ajili ya mbegu tu, zile tunazozitwanga na kuzipika na samaki. Nyama yake ni chungu kama kwinini; huachwa ioze ili mbegu zitoke. Nimekula mbegu hizo utoto wangu wote, sahani kwa sahani, na siku hiyo nikawapasulia wanawake kumi uchafu wake na kuwaambia ni afya.

"Mumuache," mmoja akasema. "Labda kule Bukavu ndiyo wanakula."

"Ndiyo maana alirudi mwembamba hivi!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama naye alicheka, lakini nilimwona ameegemeza mkono juu ya goti, akivuta pumzi kwa shida, midomo imeanza kupauka. Saa tisa ilikuwa mbali.

Hapo elimu ikafanya kazi yake, bila hotuba. Ikiwa mwenyeji hawezi kutangulia, basi wageni watangulie mapema. Mwisho wa shamba kulikuwa na mipapai miwili. Nikatafuta ufito mrefu, nikaangusha mapapai sita yaliyoiva, moja likanipasukia begani, nikayakata na kugawa: shangazi kwanza, kisha wengine kwa umri, hadi kila mkono ukawa na kipande na kila mdomo ukawa unatafuna.

"Wageni wamekula," nikasema kwa sauti. "Shangazi, wamekula ao hawajakula?"

Aliniangalia, maji ya papai yakimtiririka hadi kiwiko. Papai si bugali, kila mtu pale alijua, na yeye kuliko wote, kwa sababu ndiye huwakaripia wanaovunja desturi. Kisha akamwangalia mama.

"Wamekula," akasema. "Kula, wifi yangu."

Mama alikula vipande vitatu bila kuinua kichwa. Alipoinua, aliomba cha nne, akajifuta mdomo kwa kitenge, akarudi kwenye mpunga.

"Kesho iko kwangu," shangazi akawatangazia wenzake. "Papai saa nne. Huyu bwana wa diploma ndiye ataangusha. Mbika atuachie."

Jioni mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, kikapu cha mpunga kichwani, akinitangulia hatua ishirini na kuniuliza kwa nini natembea polepole.