Siku Niliyobandua Stika za Viatu

Kuna shule ya chekechea pale Woodley, yenye geti la kijani, ambayo siku hizi naizunguka. Nikiwa na shughuli upande ule napita njia ya nyuma, yenye matope na mbwa, kwa sababu mbwa hawanijui na askari wa geti ananijua. Leo nimekubali kusimulia, lakini mkicheka chekeni kwa adabu, aibu yenyewe haijakauka.

Nilitaka kuwa msaidizi wa mwalimu. Sikusomea. Nilijifundisha kwa simu, kitandani, chumbani kwangu Riruta, nikitazama video za walimu wa nchi ambazo hata sijui ziko upande gani wa dunia, na nikajaza daftari zima kwa kalamu za rangi tatu (nikikosea herufi moja nachana ukurasa naanza upya, ndivyo nilivyo, niombeeni). Kanuni niliyoipigia mistari miwili ilisema kwamba msaidizi bora hangoji kuambiwa.

Nikaomba kazi, nikaitwa kwa siku moja ya majaribio. Tulikuwa wawili, mimi Jumatano, mwenzangu Alhamisi, na nafasi ilikuwa moja tu. Mama alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisani kwamba Mercy wake sasa ni mwalimu, kwa hiyo sikuwa naenda kujaribiwa mimi peke yangu, nilikuwa nimebeba kanisa zima.

Asubuhi niling'ara. Nilipangusa makamasi, nikagawa uji bila kumwaga, nikaimba mpaka koo likakwaruza. Ticha Akinyi, mwenye darasa, mama mpole asiye na haraka ya kitu chochote, aliniambia, "Mercy, wewe utatufaa." Ningeenda nyumbani saa hiyo, leo hii ningekuwa na kazi.

Baada ya chakula cha mchana watoto ishirini na wawili wakavua viatu mlangoni, wakalala kwenye magodoro. Ticha Akinyi akaniambia, "Sasa wewe kaa tu hapa uwaangalie. Naenda ofisini kwa Madam kidogo."

Kaa tu! Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Nilikaa dakika tano, halafu macho yangu yakaanguka kwenye vile viatu, vyote vyeusi vya sare. Mvua ilikuwa imenyesha, vimejaa udongo mwekundu, vimerundikana kama viazi sokoni. Nikasema nitavipanga tu. Nilipovipanga nikaona nivipanguse, na nilipovipangusa nikaona ndani ya kila kiatu kuna stika iliyochanika. Nusu ya twiga huku, makalio ya tembo kule, simba hana kichwa. Hiyo kitu ilinikera mpaka moyoni. Wazazi gani hawa, wananunua kiatu kizuri halafu wanamwachia mtoto stika nusu? Nikazibandua zote, arobaini na nne, na gundi ikikataa napaka spiriti ya sanduku la huduma ya kwanza, nasugua. Nikavipanga kwa ukubwa, vyeusi tititi, vinang'aa kama viatu vya polisi siku ya gwaride. Nikapiga picha, nikaituma kwa grupu ya familia. Shangazi akajibu na emoji sita za mikono ya sala.

Watoto wakaamka. Wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Simran, mdogo, nywele zimesukwa mikia miwili. Akainua kiatu, akachungulia ndani, akainua kingine.

"Ticha, twiga yangu ameenda wapi?"

"Twiga gani, mami?"

Akaangua kilio. Na kilio cha chekechea mnakijua, hakihitaji sababu, kinahitaji kiongozi. Ndani ya dakika moja darasa zima lilikuwa linamlilia mnyama wake. Ticha Akinyi akaja mbio, akatazama ile mistari yangu mizuri.

"Mercy. Stika ziko wapi?"

"Nimezitoa, Ticha. Zilikuwa zimechanika."

"Zilikuwa zimekatwa," akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mzazi anakata moja katikati, anaweka nusu kushoto, nusu kulia. Mtoto akiunganisha mnyama anajua ni viatu vyake, na anajua mguu upi ni upi. Hawajui kusoma, Mercy."

Tukamwaga pipa la taka. Tukaunganisha wanyama wote mezani, mbuga nzima, hakuna aliyekosa mkia. Ila hakuna mnyama aliyekumbuka kiatu chake.

Nje gari la shule linapiga honi. Nikaanza kuwajaribisha watoto viatu kama muuzaji wa mitumba. "Hii ni yako?" Kila mmoja anasema ndiyo, hasa kwa ile pea mpya. Tevin, wa Mutuini, aliapa kwa jina la Yesu kuwa ni yake, nikamvalisha, na shosho, bibi yake, alipokuja kumchukua akamtazama anavyotembea kama bata.

"Nilimleta huyu mtoto akiwa mzima," shosho akasema. "Mmemfanya nini?"

Viatu vilikuwa saizi mbili juu na miguu ilikuwa imebadilishwa, kushoto kulia. Baba Simran, mwenye kilemba cha buluu kilichofungwa vizuri kuliko kitu chochote nilichofanya siku hiyo, alibakishiwa viatu viwili, vyote vya kushoto. Akavitazama, akanitazama, akambeba binti yake na soksi zake. "Ticha mpya?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Pole sana," akasema, na mpaka leo sijui alikuwa anampa nani hiyo pole.

Madam mwenye shule aliniita ofisini. Simu yake ililia mara nne tukiwa pale, na kila mara alijibu, "Ndiyo Mama, viatu, najua, kesho." Akaiweka chini.

"Ulijifundishia wapi hii kazi?"

"Kwa simu, Madam."

"Na huyo wa kwa simu, alikuambia uulize?"

Nikamwomba nirudi kesho, bure, nibandike stika mpya zote. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kesho ni siku ya mwenzako. Nenda nyumbani, mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza mwajiri kuniita mwalimu, na nilikuwa nafukuzwa.

Mwenzangu alipata ile nafasi. Nasikia alipoambiwa akae, alikaa. Mama alinyamaza kanisani Jumapili mbili. Na mimi bado naomba kazi, barua yangu ya safari hii niliiandika mara tisa, lakini nimeapa: siku nitakayoambiwa tena "kaa tu," nitakaa mpaka kiti chenyewe kiombe kupumzika.