Filamu Niliyomfasiria Kambo

Mlango wa chuma ulilia kabla picha haijatokea. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado cheusi, nami nimekaa na chai yangu, na ule mlio mrefu wa bawaba kavu ukanifanya niweke kikombe chini. Niliitambua filamu ile hata kabla ya kuiona.

Niwaeleze kwanza nilifikaje hapo. Miezi hii miwili mtoto wa jirani amenijazia filamu kwenye kadi ndogo, za zamani na za sasa zimechanganywa bila mpango, nami umeme ukiwepo nazitazama moja baada ya nyingine. Sina utaalamu wowote, nina maoni tu. Filamu za sasa zinanichosha macho: watu wanakimbia, magari yanaruka, na hakuna anayepewa nafasi ya kumaliza sentensi. Juzi niliona moja ambayo mji mzima uliteketea, na ilipokwisha sikumkumbuka hata mtu mmoja kwa jina lake. Za zamani nazo zina matatizo yake. Wanaume wanavuta sigara kupita kiasi, wanawake wanazimia ovyo, na muziki unakuamuru ulie kabla hujapewa sababu. Lakini za zamani zinajua kusubiri. Mtu anaweza kukaa anatazama dirishani, nawe ukakaa naye, na wala usione kwamba umepotezewa muda.

Hii yenye mlango wa chuma ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kwa Kifaransa. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na miaka tisa, Jumamosi alasiri, sebuleni kwetu hapa hapa Likasi, nami nilikuwa kazini.

Ndiyo, kazini. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, alikuwa mama yake mama yangu na aliishi nasi. Hakujua Kifaransa, na televisheni ilikuwa haijui Kiswahili. Kwa hiyo nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za mtaa ule, mtoto anayesoma aliketi chini karibu na kiti cha mzee na kumfasiria. Kambo alikuwa na masharti yake. Hakutaka kufupishiwa. Kila mdomo uliofunguka kwenye kioo alitaka apewe maneno yake, na nikinyamaza alinigusa bega kwa kidole gumba cha mguu. Siku niliyothubutu kusema sijui, aliniuliza kama shuleni ninakwenda kuota jua. Basi nikajifunza kujazia. Kifaransa changu kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kutaja sehemu za mwili, lakini mdomo ulikuwa mzima. Vita moja kubwa ya Wazungu niliifasiri yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kuwa ugomvi wa mbuzi aliyepotea. Kambo alisikiliza kwa makini, kisha akasema watu wale wangekwenda kwa chifu mapema yasingewafika hayo.

Mwaka ule kulikuwa na jina moja lisilotajwa nyumbani. Mjomba wangu Dédé, kitindamimba wa Kambo, alikuwa amefungwa katika gereza la Buluo. Alikuwa ameficha nyaya za shaba zisizo zake. Polisi walipokuja alijificha chumba cha nyuma, na ni Kambo aliyewafungulia mlango na kuwaonyesha alipo. Kambo alikuwa shemasi wa kanisa letu, na alisema hawezi kuongoza maombi huku amekalia wizi. Dédé alipotolewa nje alimtazama mama yake. Toka siku hiyo, mtu akimuulizia habari za mwanawe, Kambo alijibu maneno yale yale:

"Ule haiko mutoto wangu tena."

Huku kwetu mtu akifungwa, watu wake humbebea chakula. Mama ndiye aliyekwenda kila Jumapili, na Kambo alijifanya haoni sufuria ikitoka. Lakini mama alikuwa na mimba kubwa, na juma lile muuguzi alimwamuru alale kitandani mpaka siku ya kujifungua. Baba alifanya kazi Kolwezi, tukimwona mara moja kwa mwezi. Jumamosi ile asubuhi nilimsikia mama akimsihi Kambo aende yeye, sauti yake ikikatika kwa machozi. Kambo alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

Mimi nilimpenda Dédé. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo wasichana wa darasa langu walinionea wivu. Niliwaza kwamba kesho yake atakaa na njaa akisubiri sufuria isiyokuja, na nikaogopa kweli kweli.

Alasiri filamu ikaanza na ule mlango. Nilielewa kwamba kuna mtu yuko gerezani, na hapo ndipo elimu yangu iliishia. Mengine nilijazia kama kawaida. Kisha ikafika sehemu ambapo mwanamke aliyevaa koti zito anasimama mbele ya vyuma vya gereza, yule mfungwa yuko upande wa pili, nao wanazungumza haraka na kwa kunong'ona. Kidole cha mguu kikagusa bega langu.

"Anasema nini ule mwanamuke?"

Sikujua anasema nini. Nilisema ni mama yake yule mfungwa, na amekuja kumletea chakula. Sikupanga kusema hivyo, msinihesabie akili nisiyokuwa nayo. Kilichokuwa moyoni toka asubuhi ndicho kilichotoka. Kambo akauliza ameleta chakula gani, nami nikajibu bukari na samaki. Mzungu mwenye kola ya manyoya nilimbebesha bukari, ugali wetu! Nilingoja anicheke, au aniulize kama nimepandwa na wazimu. Hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea:

"Na ule mutoto, anakubali kula?"

"Anakula yote," nikasema.

Hakunigusa bega tena mpaka filamu ilipokwisha.

Kesho yake Kambo hakuvaa kitambaa chake cheupe cha kanisani. Alisonga bukari, akapika samaki wakavu wa ziwa Tshangalele kwa nyanya, akafunga sufuria kwa kitenge na kwenda Buluo. Nilimsubiri mlangoni mpaka jioni. Aliporudi sufuria ilikuwa tupu, nami kabla hajavua viatu nikamuuliza kama Dédé amekula. Akasema amekula yote, akanipita, akaingia chumbani kwa mama. Jumapili iliyofuata alikwenda tena, nikauliza tena, akajibu vile vile. Na ya tatu. Kisha mtoto akazaliwa, nyumba ikajaa wageni, nami nikaacha kuuliza.

Kwa miaka mingi nilijivuna kimoyomoyo. Niliamini nimemdanganya mtu mzima, shemasi wa kanisa, kwa faida ya mtu mwingine, na siri hiyo sikumwambia yeyote kwa kuogopa kwamba ni dhambi na kwa kuogopa kwamba nitanyang'anywa sifa yake.

Sasa nimeiona filamu yenyewe. Sehemu ile niliirudisha mara tatu. Mfungwa ana mvi kichwa kizima. Mwanamke hazidi miaka ishirini na mitano, ni binti yake, na mikono yake haina kitu. Anamwambia baba yake kwamba hatakuja tena maishani, anageuka, na picha inabaki inatazama mgongo wake mpaka anapotea mwisho wa barabara. Mtu hahitaji Kifaransa kuelewa mgongo ule. Na Kambo alikuwa na macho ya kuona jiwe ndani ya mchele akiwa amesimama mlangoni. Aliona yote. Aliona msichana mikono mitupu akimwacha mzee, huku mjukuu wake akimwambia ni mama na sufuria yake ya bukari, na akachagua kuniuliza kama mtoto alikubali kula.

Swali lile halikuwa la filamu. Sote tulidhani Kambo ana hasira, naye alikuwa na woga. Mama aliyewaonyesha polisi chumba alichojificha mwanawe aliogopa kumfikia akiwa na sufuria na kurudishwa nayo. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu wa kumuuliza jambo hilo ila mimi, tena kwa kujifanya tunazungumza habari za Wazungu.

Kambo amekwisha kufariki. Dédé yuko mji wa Kambove, anatengeneza pikipiki na amenenepa. Nilimpigia simu jioni ile ile, nikamsimulia filamu na maneno niliyoyajazia. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema taratibu:

"Siku ya kwanza miye sikukula. Nilimugeuzia mugongo. Mama alikala pale na sufuria yake, kisha alipatia wafungwa benzangu bakule."

Nikamuuliza, na Jumapili ya pili? Akasema alimgeuzia mgongo vile vile, na ya tatu pia. Ya nne mama yake alikuja amechoka, akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake nzuri, na hapo ndipo Dédé aliponawa mikono.

Nililia, jambo ambalo filamu zote za kadi ile zilikuwa zimeshindwa kunifanyia. Jumapili tatu Kambo alirudi nyumbani akiwa amekataliwa na mwanawe, akamkuta mlangoni mtoto wa miaka tisa anayetaka kujua. Naye akanijazia. Miaka yote hii nilidhani mfasiri katika nyumba ile ni mimi.