Bibi Alipohitimu Umaskini kwa Makochi ya Kuazima

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua mfuko mmoja wa chokaa. Nalikiri mapema ili nisije nikamtupia mtu mwingine lawama huko mbele, maana nina tabia hiyo, na siku ile ya aibu nilikwisha kuwalaumu moyoni mwangu Mama Salehe, mwenyekiti wa kijiji, na hata muuza duka aliyeniuzia chokaa bila kuniuliza naenda kupaka nini. Mpaka leo nikimwona mtu wa Kwaluguru anakatiza mitaa ya Kwamndolwa, huku Korogwe ninakoishi, navuka barabara na kujifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Mambo yalikuwa hivi. Bibi yangu, Bi Zaina, mama mzaa baba, anaishi Kwaluguru na Rehema, mtoto wa marehemu shangazi yangu, ambaye yuko darasa la pili. Bibi yumo kwenye mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambao pale kijijini kila mtu anauita Mpango tu, kana kwamba duniani hakuna mpango mwingine. Mvua zilipogoma misimu miwili na mahindi yakakaukia urefu wa goti, ruzuku ile ndiyo iliyobaki kuwa shamba lake, ndiyo unga, ndiyo sabuni, ndiyo madaftari na sare ya Rehema. Wala hakuwa peke yake. Zamani watu waliona haya majina yao yakisomwa kwenye orodha, lakini gharama za maisha zilivyopanda, wale wale waliokuwa wakicheka ndio sasa wanamvizia mtendaji njiani na kumuuliza kwa sauti ya chini kama nafasi zimejaa.

Mimi ni mtu wa kujifunza mwenyewe. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kupiga picha za pasipoti nilijifunza mwenyewe, na kupaka rangi nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu. Ugonjwa wangu ni kwamba siwezi kuacha kitu kikiwa nusu. Nikimwandikia mteja barua naweza kuirudia mara nne kwa sababu mstari wa tatu umekaa vibaya, na nikiinua kichwa nakuta mteja amekwisha kwenda kuandikiwa kwingine (kwa mkono, na ameridhika).

Basi Bibi akanipigia simu, akasema Jumatano wanakuja watu wa wilayani kuhakiki kaya nyumba kwa nyumba, halafu Alhamisi kutakuwa na mkutano wa kijiji, majina yasomwe mbele ya watu na watu waseme nani anastahili na nani hastahili. Alinijulisha tu, hakuniomba kitu. Ila mimi nilikuwa nimesikia, kwa mtu aliyesikia kwa mtu, kwamba wanaokutwa wamezitapanya hela wanaondolewa, na nikaanza kuiona ile nyumba ya Bibi machoni mwangu, udongo umebanduka ukutani, fito zinachungulia nje kama mbavu, na afisa anatikisa kichwa na kusema huyu mama hela zetu anazipeleka wapi. Nikakosa raha kabisa. Nikaona lazima wakute nyumba inayoonyesha kwamba msaada wa serikali umefanya kazi.

Jumatatu nikafika na mfuko wangu wa chokaa juu ya bodaboda. Nilikandika kwanza, nikangoja pakauke, nikapaka chokaa mikono miwili, na chini nikazungusha mstari mwekundu wa udongo, nikiwa nimefunga uzi kutoka kona hadi kona ili usipinde. Nilipomaliza nikasogea nyuma kutazama, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, kwa sababu nyumba ilikuwa nzuri mno kiasi kwamba vigoda viwili na mkeka vilivyokuwa ndani vikaonekana kama vimesahauliwa na watu waliohama.

Jirani yetu, Mama Salehe, ana makochi. Nikamwomba aniazime kwa siku mbili, akakubali, maana kwetu mgeni akija huwezi kumkalisha chini, na hakuna jirani anayekataa kuazima kiti cha mgeni. Tumekua hivyo, harusi moja inakaliwa na viti vya kijiji kizima. Sasa makochi yalipoingia yakataka meza, nikaazima meza ya kioo kwa mwalimu. Meza ikaonyesha kwamba dirisha liko uchi, nikaazima mapazia. Na kona moja ikabaki tupu, inanitazama, nikarudi kwa Mama Salehe kuchukua friji lake bovu, lile analohifadhia unga panya wasiufikie. Umeme Bibi hana, ana taa moja ya sola. Lakini friji lilijaza ile kona vizuri sana.

Bibi alikuwa amekaa nje anachambua mchicha, anaangalia vitu vikipita mlangoni. Friji lilipopita akauliza, "Mjukuu wangu, hawa watu wanakuja kunihakiki au wanakuja kunichumbia?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Mtu mwenye wasiwasi kuliko wote wilaya nzima ya Handeni ndiye aliyesema hayo.)

Jumatano wakaja, afisa mmoja dada mpole mwenye kishikwambi na mwenzake wa kiume aliyebeba mafaili. Yule dada akamwamkia Bibi shikamoo, akakaribishwa kwenye kochi, akazama, akatazama ukuta, mapazia, meza ya kioo, na macho yake yakatua kwenye friji na kukaa hapo muda mrefu. Akaanza kubonyeza. Akauliza kwa heshima kama vyombo vile ni vya hapa nyumbani, na Bibi, ambaye hapendi kumwaibisha mtu wake mbele ya wageni, akajibu kwamba amuulize mjukuu, maana leo ndiye mwenye nyumba.

Hapo ningesema vimeazimwa, kisa kingeishia pale tungekunywa chai. Lakini niliogopa wataona tumewafanyia maigizo, kwa hiyo nikasema, "Tunajitahidi, afisa." Akabonyeza. Akaniuliza na wewe unafanya kazi gani, na mdomo wangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukajibu, "Nina ofisi Korogwe." Akabonyeza tena. Bibi akanitazama, kisha akautazama mchicha uliokuwa mapajani mwake.

Mkutano ulifanyika kesho yake kwenye darasa la nne la shule ya msingi kwa sababu ya manyunyu, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhando, akafungua kikao, akamkaribisha yule dada asome matokeo. Akasoma kwanza kaya zinazoendelea. Jina la Bibi halikutajwa. Nikajipa moyo kwamba labda hawafuati alfabeti. Kisha akasema sasa anasoma kaya zinazopendekezwa kuhitimu, yaani zilizojikwamua kimaisha na ambazo hazitahitaji ruzuku tena, na hizi tuzipigie makofi kwa sababu ni mfano wa kuigwa. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Zaina.

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele, nadhani kwa mazoea. Bibi alikaa wima dawati la pili, mikono mapajani, na Rehema aliyekuwa pembeni yake akapiga makofi kuliko wote, maana shuleni kuhitimu ni jambo jema.

Madaftari, unga, sabuni, vyote mimi nilikuwa nimevipaka chokaa. Nikanyoosha mkono. Mzee Mhando akanipa nafasi, nikasimama na dawati likasimama na mimi (nilikuwa nimelikaba kwa magoti), nikaeleza kwa sauti iliyokuwa inapanda yenyewe kwamba kuna kosa, vyombo vyote walivyovikuta ni vya kuazima, nilitaka tu nyumba iwe nadhifu.

Mzee Mhando akakuna shingo. Akasema neno la mtu mmoja halitoshi kwenye mkutano, kwa hiyo kila mwenye kitu chake asimame akitaje. Mama Salehe hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Makochi ni yangu," akasema. "Friji ni langu. Na ndani ya friji mna unga wangu, tangu juzi nakula kwa shemeji."

Darasa likaanza kucheka. Mwalimu akasimama akaidai meza ya kioo, akaongeza kwamba ina ufa na ufa ule aliniazima nao, nisije nikadhani nimeuleta mimi. (Kwa kweli nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili yake.) Dada wa wilayani akawa anafuta na kubonyeza, anafuta na kubonyeza. Akauliza, na mapazia? Mimi nikatazama ubao. Hatimaye mke wa mwenyekiti, aliyekaa karibu na mlango, akanyoosha kidole kimoja tu.

Mzee Mhando akamgeukia taratibu. "Kumbe ndiyo maana jana mchana nimelala jua linanipiga usoni," akasema, na pale hata yule mwenzake wa mafaili akaweka mafaili chini akacheka.

Nikadhani tumepona. Lakini dada wa wilayani alikuwa mtu wa kazi yake, akangoja kicheko kitulie, akasema vyombo amevifuta, sawa, ila kuna jambo la pili kwenye fomu: kaya hii ina mjukuu mwenye ofisi Korogwe, na kama ana ofisi basi Bibi ana wa kumtegemea. Hilo nalo ni la kuazima?

Watu wote wakanigeukia. Wengi wao nilikuwa nimewaambia mwenyewe habari za ofisi, sikukuu hadi sikukuu, nikiwa nimenyoosha shati. Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa anaujua ukweli wote, na angeweza kuusema kwa sentensi moja akalirudisha jina lake. Badala yake akasimama polepole, akashika ukingo wa dawati.

"Mwanangu, andika nimehitimu," akamwambia yule dada. "Yaishe, watu warudi mashambani."

Nimejaribu mara nyingi kulielezea lile jambo lililonipata kifuani aliposema hivyo, nikashindwa. Ninachojua ni kwamba nilianza kusema kabla hajakaa.

Nikasema sina ofisi. Nina meza moja na mwavuli na printa ya mitumba kwenye baraza la duka la mtu pale Kwamndolwa, na mvua ikinyesha nafunga kazi. Nikasema tangu hali iwe ngumu hata barua za kuomba kazi watu wameacha kuandikisha, kuna wiki napiga picha mbili za pasipoti basi. Kisha nikafika kwenye lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, nikaliona linakuja, na sikuweza kulikwepa. "Na unga ninaokula," nikasema, "Bibi ndiye anayenitumia kwa basi, kila mwezi. Ananunua kwa hela ya Mpango."

Halafu sauti ya mzee mmoja dawati la nyuma, isiyo na ubaya wowote, ikasema, "Kumbe tajiri wetu anakula kwa Mpango kama sisi."

Hapo darasa likapasuka. Walicheka mpaka mtu mmoja akaomba kutoka nje, na jambo la ajabu ni kwamba hata mimi nikacheka, kwanza kwa woga, kisha kwa kweli. Mzee Mhando akafuta macho kwa kofia yake, akamwambia yule dada, "Andika kaya ya Bi Zaina ina watu watatu. Wawili wanakula hapa, mmoja anakula kwa mbali." Akauliza mkutano kama kuna mwenye pingamizi. Mikono yote ikabaki chini. Jina la Bibi likarudishwa kwenye kaya zinazoendelea, na dada wa wilayani akanishauri, bila kucheka ila kwa shida, kwamba siku nyingine nisiwasaidie.

Mchana ule vitu vikarudishwa kwa msafara, mimi mbele na upande mmoja wa friji kichwani, vijana wa kijiji nyuma na makochi, na kila tuliyepishana naye alinipa hongera kwa kuhama. Mama Salehe akapima unga wake kwa macho, akaridhika. Niliporudi nilimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda chake na Rehema kwenye kingine. Nikakaa kwenye mkeka. Akanisema kwa Kizigua kwanza, maneno ambayo nikiyageuza Kiswahili yanapungua ukali, kisha akamalizia kwa Kiswahili ili na Rehema asipitwe: "Mwaka mzima watu wananiuliza mbona huji kulima, nawaambia ofisini kumembana. Uongo wako umenichosha kuliko jembe."

Nikamwomba radhi. Akaniambia nile kwanza.

Kwa hiyo somo nililolipata, kwa gharama ya uso wangu wote, ni kwamba nisiupake chokaa umaskini wa mtu bila kumuuliza, hasa kama na mimi nimo ndani yake. Bibi bado yuko kwenye Mpango, na kwa mvua zilivyo atakuwepo kwa muda. Unga hanitumii tena. Nilimkataza, akakataa, nikamrudishia mfuko mzima kwa basi lile lile, ndipo akaamini. Masika naenda Kwaluguru kulima naye wiki mbili, na ninachokula Kwamndolwa nakinunua mwenyewe, miezi mingine ugali na mchicha, miezi mingine na dagaa. Na mtu akiniuliza nafanya kazi gani, namwambia naandika barua na kupiga picha za pasipoti, barazani.