Kisiki cha Mvumu Nilichokichimbua

Mimi nakata miti ya hatari. Siyo miti ya mbao. Wapasua mbao ni watu wengine, wanaingia porini na unga wao na kukaa huko wiki mbili. Kazi yangu mimi ni mti uliomshinda mwenye nyumba: mkaratusi unaolalia bati, mparachichi uliofika kwenye nyaya za umeme, msonobari ulioanza kuinama kuelekea darasani. Nimekata Kasulu mjini, nimekata Makere na Titye, nimekata Kibondo nyuma ya nyumba za watumishi wa serikali. Kule Kibondo nilimkatia daktari mmoja wa kutoka Pwani, akanipa chai ya tangawizi kabla sijapanda, na nilipofika juu akaingia ndani akafunga dirisha, akanichungulia kwenye kioo. Nilipomaliza akatoka akasema, "Mzee, mimi nachana watu matumbo, lakini hiyo kazi yako siiwezi." Nilicheka siku nzima. Maneno kama hayo nayapenda sana, na nayaweka wazi mapema kwa sababu kupenda sifa ndiko kulikoniharibia.

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msomaji avumilie. Kazi hii nilifundishwa na baba mdogo. Alinifundisha kuusikiliza mti kwanza. Unageuza shoka, unagonga shina kwa kisogo chake, sikio likiwa karibu. Mti mzima unajibu mkato, kama unagonga ukuta. Mti uliooza unajibu kama ngoma. Unagonga pande zote nne, maana kuna mti mzima mbele na umeoza mgongoni. Halafu unatazama upepo, unatazama uzito wa matawi uko wapi, unafunga kamba, unaanza juu. Siku hizi kuna chenso, msumeno wa injini, naazima, inafanya kwa dakika kazi ya asubuhi nzima. Lakini chenso haisikilizi. Kusikiliza ni kazi ya mtu.

La pili alilonifundisha linahusu miti ya mpaka, na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Kwetu Buha zamani mtu akipewa ardhi, wazee walikuwa wanakwenda naye, wanapima kwa hatua, na kwenye kona wanachomeka fimbo mbichi ya mvumu. Mvumu ni ule mti ambao babu zetu walivaa magome yake, ukiuchanja unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Sifa yake haujui kufa. Kata fimbo, ichomeke, mvua moja tu imeota. Basi fimbo ile inakuwa mti, na mti unakuwa shahidi. Sasa ukizeeka ukawa hatari, unakatwa, hakuna anayekataa. Ila unakatwa juu ya goti. Kisiki kinabaki, kinachipua, mpaka unabaki palepale. Baba mdogo alikuwa ananipiga kofi dogo kwenye goti kila tukifika kwenye mti wa namna hiyo. "Hapa," anasema. "Chini ya hapa siyo mali yako." Huku hakuna mtu mzima asiyelijua hili. Wageni waliohamishiwa kazi ndio hawalijui.

Kuna kijiji kimoja kwenye njia ya Kasulu kwenda Kibondo, sikitaji. Hapo alikuwepo mama mmoja mjane. Mumewe alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, enzi za kukimbia, akapokelewa, akapewa shamba, akachomekewa fimbo yake na wazee wa pale. Baadaye wakapata uraia, yeye na mkewe, na karatasi wakapewa. Mume akafa, mti ukabaki. Shamba la mama lilikuwa kwa nyuma, lakini lilikuwa na kipande kirefu chembamba, kama mkia, kinachoshuka mpaka barabarani. Kwenye mkia huo alikuwa na kibanda, anauza ndizi na mihogo ya kuchemsha. Mvumu ulisimama ukingoni mwa mkia, ubavuni kwa jirani yake mwenye duka la saruji na mabati. Lami ilipopita pale, kila hatua ya ardhi iliyogusa barabara ikawa dhahabu, na mkia wa mama ndio ulikuwa mlango wake.

Mwaka huo upepo wa mvua za vuli uliangusha tawi la mvumu, likatoboa bati la duka. Nikaitwa. Nikagonga. Upande wa magharibi ulilia kama ngoma ya harusi. Nikamwambia mama, "Mama, mti huu hautafika masika. Ukianguka utaanguka na watu."

Naye akagonga kwa ngumi yake, akasikia mwenyewe. Akasema, "Basi ukate. Mimi nakwenda Titye, binti yangu amejifungua, sitapenda kuona. Wewe ni mtu wa hapa, unajua unavyokatwa."

"Najua, mama."

Hakusema zaidi. Angekuwa amemwita fundi wa kutoka mbali angemwonesha goti. Mimi hakunionesha, kwa heshima.

Nikakata siku mbili. Kazi nzuri, nasema bila aibu, hakuna tawi lililogusa bati. Watu walikaa ng'ambo ya barabara kutazama, kama wanatazama mpira. Shina lilipolala, wakapiga makofi. Mwenye duka akanishika bega mbele ya watu wote akasema, "Huyu mzee ni injinia! Hana cheti lakini ni injinia!" Nikavimba kichwa. Akasema ana kiwanja Kibondo kimezungukwa na mikaratusi mibaya, yote ni yangu, na atanitaja kwa mkuu wa shule ambaye ni rafiki yake. Halafu akatazama kisiki.

"Sasa hicho, injinia, unamwachia nani?"

"Hicho kinabaki," nikasema. "Ni cha mpaka."

"Kimeoza hicho. Mchwa watatoka humo waingie kwenye stoo yangu. Au kuchimba ndiyo kazi imekushinda?"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Uzee huo! Injinia amechoka!"

Yaani jambo dogo kama hilo. Sikutishwa, sikulewa. Nilichekwa tu. Nikavua shati nikachukua sururu. Nilichimba mpaka jioni, nikakata mzizi mmoja mmoja, maziwa yananitiririkia mikononi, na kila nilipoinama goti langu lilikuwa linanitazama. Kisiki kikatoka. Wakanisaidia kukiviringisha mpaka mtaroni. Shimo nikalifukia, nikalikanyagakanyaga, nikalifagilia. Mtu mwenye moyo safi hafagii shimo.

Matawi manyoofu nikayapakia nikaenda nayo nyumbani, nikajengea banda la mbuzi.

Mama aliporudi alinipigia simu. Aliuliza swali moja, "Umeacha kisiki?" Nikamwambia kilikuwa kimeoza. Akasema, "Ego," yaani ndiyo, kwa ile sauti ambayo siyo ndiyo. Mwezi haukuisha, ukuta wa matofali ukapanda, ukakata ule mkia katikati. Kibanda kikawa upande wa pili. Mwenye duka akasema ardhi ile ilikuwa yake tangu zamani, mama alikuwa anaitumia kwa hisani tu, na kama ana mpaka auoneshe. Na kuna watu walioongeza kwamba waliokuja wamekuja, washukuru walichopewa. Hao niliwasikia kwa masikio yangu nikanyamaza.

Mama akapeleka shauri barazani, nami nikaitwa kuwa shahidi. Nilivaa koti. Mwenyekiti wa baraza, mtu mpole, akaniuliza, "Mzee, wewe ndiye ulikata. Tuambie tu, mti ulisimama wapi?"

Mwenye duka alikuwa ameketi nyuma yangu. Lakini sitamsingizia, hakunikoholea wala hakunigusa. Nilijifikiria mwenyewe. Nikisema wapi, nitaulizwa kisiki kiko wapi, na nikisema nilikichimbua, nani atanipa tena mti wake? Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, miti niliyokata ni mingi. Umri nao. Sikumbuki vizuri."

"Hukumbuki hata kidogo?"

"Kichwa kimechoka."

Wakacheka kwa huruma, mmoja akaniletea maji. Nilitazama kwa mama mara moja tu. Alikuwa amekunja mikono kwenye kanga. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Bila alama, bila shahidi, ukuta ukabaki ulipo, na yeye akawa anatokea barabarani kwa kuzunguka kwenye mihogo ya watu, ndizi kichwani, akiomba njia.

Uongo wenyewe ndio huo. Mimi nakumbuka kila mti. Nakumbuka mkaratusi wa kanisa ulikuwa na kiota cha nyuki upande gani. Mke wangu ananitania kwamba nimesahau siku ya harusi yetu lakini mti uliokuwa unatuwekea kivuli siku hiyo naujua mpaka magome.

Na mke wangu ndiye aliyeniita asubuhi moja, masika yameanza. "Baba, njoo uone. Banda lako limeota majani."

Nikatoka. Nguzo zote za banda la mbuzi, zile za mvumu, zilikuwa zimechipua. Majani mapya yanang'aa, mbuzi wanayarukia. Mke wangu akacheka, "Hii ndiyo kazi ya injinia, banda linakua lenyewe!" Mimi sikucheka. Anayeujua mvumu kama ninavyoujua mimi angetegemea jambo hili, na nadhani nilitegemea, nikajificha. Basi misimu miwili nilikuwa nafunga mbuzi kwenye mti wa yule mama. Nikipunguza matawi, yanaota. Nilitamani kung'oa zile nguzo nikaweka mkaratusi. Lakini nilishang'oa mara moja, ikatosha.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka huu nilikata fimbo moja, unene wa mkono wa mtoto, nikaifunga kitambaa chenye maji, nikapanda basi dogo. Njiani mtu akaniuliza kama ni dawa. Nikasema ndiyo.

Nilimkuta mama anapepeta maharage.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mzee wa kusahau." Akaendelea kupepeta. "Leo umekumbuka njia?"

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Nikaifungua fimbo nikamweleza: tawi la mti wake, banda la mbuzi, majani. Akaishika. Akaichuna kidogo kwa ukucha, akatazama maziwa yanatoka.

"Nimekuja kuupanda," nikasema.

"Oya," akasema, yaani hapana. "Utaupanda wapi? Kwenye sufuria yangu?"

"Mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Hapo mlangoni kwa jiko lake kuna jiwe la kusagia la zamani, limezama ardhini, halihamishiki. Siku nilipokata, nilipima kwa hatua kutoka kwenye jiwe hilo, ili nijue shina litalala wapi. Nikasimama kwenye jiwe nikaanza kutembea kuelekea barabarani. Moja, mbili. Nilihesabu kwa sauti. Kwenye kumi na moja paji la uso likakaribia matofali.

"Endelea," akasema nyuma yangu.

"Ni ukuta, mama."

"Miguu imezuiliwa. Mdomo umezuiliwa na nani?"

Nikaweka kiganja kwenye ukuta. "Kumi na mbili," nikasema. "Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Hapo."

Akaja akasimama kando yangu. "Kwa hiyo kichwa hakijachoka."

"Hakijachoka, mama. Na kisiki hakikuwa kimeoza chote. Kingechipua. Nilikichimbua kwa sababu nilichekwa."

Nilidhani atalia au atanifukuza. Akasema, "Mimi hapo palipokuwa na mti nilikuwa napajua kabla hujazaliwa kwenye hii kazi yako. Kuniambia mimi ni bure. Nenda ukahesabie kule ulikosahau."

Nikamwomba angalau nichomeke fimbo kwenye mguu wa ukuta, upande wake, isikauke. Akakataa katakata. Alisema akiichomeka pale, atakuwa ameukubali ukuta. Akachukua ndoo iliyotoboka, akajaza udongo, akaiweka fimbo humo, karibu na jiwe.

Nikaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Mtendaji wa zamani amehamishwa, yuko binti mpya wa kutoka mkoa wa mbali. Nilimweleza habari ya goti, akashangaa. Akasema shauri linaweza kusikilizwa upya kama nitaandika maelezo yangu na kuja kuyasema mwenyewe. Nikamwambia mimi darasa la tatu. Akasema, "Andika unavyosema, babu." Nimeandika haya yote, nimezidisha, hata daktari wa Kibondo nimemwingiza.

Mwenye duka amesikia. Amenipigia simu, sauti ya upole, kuniuliza kama ninaumwa. Mikaratusi ya kiwanja chake imekwenda kwa fundi mwingine, na shule nayo haijaniita. Wiki iliyopita mama alinipigia pia. Hakunisalimia. Alisema tu, "Ndoo ina majani matatu," akakata.

Baraza linakaa Alhamisi. Nimeomba wasikae ofisini, waje uwanjani kwa mama. Nitasimama kwenye jiwe la kusagia, nitahesabu kumi na moja kwa miguu, na nne zilizobaki nitazisema kwa sauti, ili hata walioko upande wa pili wa ukuta wasikie.