Usiikaze Sana, Fundi

Juzi, nikiwa kwa fundi cherehani pale Tingi, kijana mmoja alileta shati la kazi mpya ashonewe nembo ya kampuni kifuani.

"Shikamoo, mzee. Usiikaze sana. Mwakani naifumua, nahamia kwingine."

"Marahaba. Ya marehemu baba yako niliishona mimi. Koti lilichakaa, nembo haikubanduka."

"Na kiwanda kilipofungwa, mzee, baba alibaki na hiyo hiyo nembo."

Fundi alivaa miwani, akalipapasa shati.

Kijana alisema kweli, na kweli yake ilinichoma. Lakini miaka ile tulimtambua baba yake kwa koti, toka mbali, kabla hatujamwona uso.

Mzee alipotunga uzi kwenye sindano ya mkono, niliona kaukunja mara mbili. Mwakani kijana atatafuta wembe.