Mtambo Uliovikwa Blanketi

Kwa miaka kumi na tisa Zlatina Gerova, fundi wa maabara mjini Sofia, aliunda seli za haidrojeni, mitambo inayochanganya haidrojeni na hewa ili kutoa umeme. Ni mmoja tu uliopata kutoka nje ya maabara. Uliwekwa katika kibanda cha mlimani ili uendeshe redio ya waokoaji. Ukidumu hadi Ijumaa, waokoaji wangeagiza mingine. Ukishindwa, wangerudia jenereta yao ya dizeli, na kazi ya Zlatina ingerudi kabatini.

Jumatano ulizimika. Zlatina alipanda mlima katika theluji, akamkuta Mzee Radoy, mtunza kibanda, ameufunika mtambo blanketi la sufu na kuziba matundu ya ukutani kwa matambara.

“Mzee Radoy, nani kakutuma?”

“Upepo ulikuwa unaupiga mgongoni, dada. Hata wewe ungepata nimonia!”

“Huu unaishi kwa huo upepo. Umeuziba pumzi.”

“Maskini! Na mimi nilikuwa natafuta blanketi la pili.”

Zlatina alicheka bila kutaka, akaufunua mtambo, akazibua matundu. Baada ya muda redio ilikoroma, na sauti ya bondeni ikasikika.

Hadi Ijumaa Mzee Radoy alijifunika blanketi lile yeye mwenyewe, akinung’unika juu ya upepo, lakini hakugusa tundu hata moja. Waokoaji wakaagiza mitambo mitatu. Juu kabisa ya maelekezo ya kutumia mtambo huo Zlatina aliandika: Usiufunike, hata ukiuonea huruma.