Mashini ya Shefu haina mupaka

Leo shefu, mukubwa wetu wa radio, amejikatia sauti yeye mwenyewe hewani, na kosa ananipa miye fundi.

Munisikilize kwanza.

Radio yetu hapa Kasongo iko na ordinateri, ile kompyuta, moja tu ya nguvu. Ndani tumeigawa mashini tatu: ya studio, ya sekreteri na ya shefu. Zote zinapiga hodi kwa prosesa ileile, ubongo wa ordinateri, ziombe kazi yao ifanywe. Moja ikipiga hodi bila kupumua, zingine hazijibiwi.

Basi asubuhi nikawekea kila moja mupaka wa hodi.

Shefu akawaka: "Weye mutoto wa juzi, unaniwekea miye mupaka? Sawasawa na sekreteri?"

Nikautoa ule wake. Mukubwa ni mukubwa, ningefanya nini?

Saa sita akaingia studio yeye mwenyewe, kutangaza kifo cha mama yake mudogo. Maziko ni kesho kule Nyangwe, na jamaa wa Lusangi wanapaswa kutoka leo.

Sauti ikaanza kukatika. Ikakatika tena. Halafu kimya.

Akatoka na jasho. "Nani ananikatia sauti siku ya kilio?"

Nikamuonyesha ekrani. Mashini yake aliiacha inavuta filme kwenye internet, inapiga hodi kama mutu mwenye nyumba yake inaungua.

"Papa Shefu, ni ya kwako."

Akaangalia. Akafikiri sana. Nikasema moyoni, leo ameelewa.

"Basi," anasema, "wekea ya studio mupaka."

Jamani!

Wandugu wa Lusangi wenye munasoma hii: maziko ni kesho, Nyangwe. Mupashane habari.

Radio itarudi filme ikimalizika.